Massey Ferguson 135 imelala chini ya mti tangu 2009, nataka kuiamsha. Mafundi na wazoefu wa Moshi na Arusha karibuni

Mwana wa Siha

Wakuu habari za jioni.

Niko Sanya Juu. Marehemu baba mdogo aliacha Massey Ferguson 135, ile yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ya dizeli. Mara ya mwisho ililima masika ya 2009. Ikaegeshwa chini ya mgrevilea nyuma ya banda la ng'ombe, na tangu hapo wanaoipanda ni kuku.

Hali yake: betri haipo. Tairi za nyuma zimekaa chini lakini hazijapasuka sana. Kiti kimeliwa na panya. Bomba la eksozi limetazama mbinguni na kifuniko chake hakipo, kwa hiyo mvua zote za miaka hiyo zimepitia humo. Mipira inayoziba chini ya fimbo za gia imeoza. Usukani unazunguka, gia zinaingia, pedeli ya klachi inashuka ila sijui kama inakata. Dizeli iliyobaki kwenye tanki inanuka kama rangi ya mafuta iliyosahaulika kwenye kopo. Oili kwenye stiki ipo, nyeusi, imepanda juu ya alama.

Jirani mwenye Fuso anasema tuifunge mnyororo tuivute barabara ya vumbi, iwekwe gia kubwa, niachie klachi, "itakohoa yenyewe". Mnunuzi wa chuma chakavu naye ameshapita zaidi ya mara moja na mizani yake.

Sina haraka. Nataka kujua nianzie wapi kabla sijashika spana.

Tandiboi wa Himo

Mangi vuta hiyo kitu. Perkins haifi. Huku kwetu tumevuta za namna hiyo, inatoa moshi mweupe, inatoa mweusi, kisha inatulia. Mambo ya kufungua fungua ndiyo yanaleta gharama.

Fundi Pampu

Usivute. Nasema hivi kwa sababu mnaovuta mnatuletea injini hapa Unga Limited, Arusha, zikiwa zimeshaharibika, halafu mnauliza kwa nini bei ni kubwa.

Soma maelezo yake mwenyewe. Eksozi wazi, mvua imeingia. Injini ikizimwa, mara nyingi kuna valvu ya eksozi itabaki imefunguka kwenye silinda fulani. Maji yanashukia hapo, yanakaa juu ya pistoni, ringi zinashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Sasa unafunga Fuso yenye nguvu zote zile unaachia klachi. Kati ya vitu vitatu kimoja kitatokea: ringi zinavunjika, pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu) zinapinda kwa sababu valvu imeganda kwenye gaidi yake, au kama kuna maji ya kutosha ndani, konektingi rodi, mkono wa pistoni, inapinda. Maji hayabanwi, mkuu. Pistoni ikikutana nayo juu, kinachosalimu amri ni chuma.

Na oili iliyopanda juu ya alama baada ya miaka yote hiyo haikujiongeza. Ni maji. Oili inaelea, maji yako chini ya sampo (karai la oili chini ya injini), karibu kabisa na kichujio cha pampu ya oili. Ukivuta, kitu cha kwanza kupanda kwenye mabelingi ya krenki ni hayo maji.

Mwana wa Siha, fanya hivi. Legeza nati ya sampo taratibu bila kuitoa, uweke kopo la kioo chini. Maji yatatangulia. Ukiona yametoka machafu lakini meupe, ni mvua. Ukiona yana rangi ya kutu au ya kulanti (dawa ya rejeta), basi yametoka kwenye rejeta kupitia gasketi au laina, hapo hadithi ni nyingine. Utuletee jibu.

Mwana wa Siha

Fundi nashukuru. Nimelegeza leo. Yametoka maji kama ya kuoshea vyombo, glasi nzima na zaidi, kisha oili nyeusi. Hayana rangi ya kutu. Rejeta nayo nimefungua kifuniko, ni kavu kabisa, ndani ukoko wa kahawia.

Fundi Pampu

Sawa, mvua basi. Mwaga oili yote na filta yake utupe. Usiweke oili ya bei mbaya sasa hivi, weka ya kawaida ya kuoshea, maana utaimwaga tena. Hiyo injini inachukua karibu lita saba.

Kisha toa nozo zote tatu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Kila silinda mimina mchanganyiko wa ATF (oili ya gia za otomatiki) na dizeli, nusu kikombe cha chai. Vua kava la tapeti, lile la juu ya injini linalofunika valvu, valvu zote sita uzimwagie pia kwenye shina. Uache. Usiguse siku kadhaa, kila ukipita ongeza kidogo. Watu wanashindwa hapo, kwenye kusubiri.

Ukitaka kujaribu kuizungusha, gia iwe huru, tumia spana kubwa kwenye puli ya mbele, au fungua stata utumie mtaimbo mfupi kwenye meno ya flaiwili. Mkono wako mmoja, si bomba la mita mbili. Ikisogea hata upana wa kidole, rudisha nyuma, mbele, nyuma. Nozo zikiwa zimetolewa hakuna kinachobana, kwa hiyo ukihisi ugumu ujue ni kutu na si kompresheni.

Ikianza kuzunguka, angalia tapeti. Kila pushirodi ipande na ishuke, na valvu irudi yenyewe kwa springi yake. Valvu inayobaki chini igongwe pole pole kwa kipande cha mbao huku ukiipa mafuta. Usitumie nyundo ya chuma.

Dalali Mstaafu

Mimi naona mnamtia kijana hasara. Hiyo trekta ina tani moja na nusu hivi ya chuma. Auze kwa kilo, aongezee, achukue pawatila, katrekta ka kusukuma kwa mikono. Enzi za kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza watu walichukua trekta mpya za Farmtrac kupitia SUMA JKT, shirika la jeshi la kujenga taifa, leo unahangaika na chuma cha Mwingereza kilichotengenezwa kabla hujazaliwa.

Mama Mpunga Kahe

Dalali umesema pawatila kwa mtu wa Sanya Juu? Pawatila ni ya kwetu huku kwenye majaruba, Chekereni na Mabogini. Ardhi ya kule ya mahindi na maharage, ikikauka, unahitaji jembe la sahani na kitu kizito cha kulivuta.

Na hiyo ya "kabla hujazaliwa" ndiyo sifa yake. 135 ilianza kutoka mwishoni mwa 1964 na ikatengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1970, lakini injini hiyo hiyo, AD3.152, iliendelea kufungwa kwenye MF 240. Mimi nina 240. Ringi, laina, gasketi, pampu ya maji, filta, vyote napata Moshi mjini au Arusha bila kuagiza. Massey bado zinaundwa India na Pakistani, spea zimejaa. Nenda katafute spea za trekta ya kisasa yenye kompyuta uone utakavyoambiwa subiri.

Lakini mdogo wangu, nina swali ambalo wanaume humu hamjauliza. Kadi ya trekta iko kwa nani? Umesema ni ya marehemu baba mdogo. Ana watoto? Ana mjane? Msimamizi wa mirathi aliteuliwa?

Sikutishi. Trekta ikiwa chuma chini ya mti haina ndugu. Siku ikiwaka, moshi ukionekana, utashangaa idadi ya wenye nayo. Kwetu hapa nimeona mtu katia hela yake yote kwenye injini, msimu ulipofika binamu akaja na barua. Nendeni Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, kadi ibadilishwe TRA, au basi muandikiane mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kijiji kwamba gharama unazoweka zitarudi kwako kwanza. Hiyo karatasi ni spea muhimu kuliko nozo.

Mwana wa Siha

Dada hapo umenigusa pabaya. Mama mdogo yupo, ndiye aliyeniambia niichukue. Watoto wawili wako Dar. Msimamizi ni mama mwenyewe, kadi ipo kwenye sanduku lake. Tumekaa Jumapili baada ya ibada, tumepiga simu Dar, tumeandika: trekta ni ya familia, mimi naifufua na kuiendesha, matengenezo yanakatwa kabla ya mgao. Wamesaini kwa picha za simu, asilia zitakuja na basi.

Upande wa injini: imezunguka! Silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa imeshika. Nimeona kutu kwa tochi kupitia tundu la nozo, si nyingi. Valvu moja ya eksozi ilikuwa imeganda, imelegea kwa mbao kama fundi alivyosema. Ndani ya kisafisha hewa, lile bakuli la oili, nimekuta nyuki. Sijui waliingiaje. Jirani mwenye Fuso ndiye aliyewatoa, na sasa anataka asali ihesabiwe kwenye mgao.

Mzee wa Basotu

Nawasalimu wote.

Nimesoma huu uzi tangu mwanzo. Mimi niliendesha matrekta kwenye mashamba ya ngano kule Basotu enzi za NAFCO, shirika la umma la mashamba, na kabla ya hapo nilijifunzia kwenye Massey ndogo kama hiyo. Fundi anasema vizuri. Ila wote mnazungumza jinsi ya kuiwasha. Hakuna aliyemwambia kijana ataizima vipi.

Dizeli ya zamani haizimwi kwa ufunguo. Hiyo 135 ina kitufe cha kuvuta, waya wake unakwenda hadi kwenye pampu na kukata mafuta. Kwa trekta iliyolala, waya huo umeshikana ndani ya ganda lake, na ndani ya pampu yenyewe ile valvu ndogo inayopima mafuta huganda kwa ile gundi ya dizeli ya zamani. Ikiganda ikiwa wazi, siku ya kuwasha injini inapanda mzunguko na kupanda, wala haikusikilizi. Nimeona mtu akikimbia akaiacha.

Kwa hiyo kabla ya stata: vuta kitufe, uangalie kwa macho yako kama mkono mdogo pale kwenye pampu unasogea hadi mwisho na kurudi. Pili, vua ule mpira mkubwa wa hewa unaoingia kwenye manifoldi, na mtu mmoja asimame pembeni na kipande cha ubao bapa. Ikikimbia, anaziba tundu. Bila hewa itakufa mara moja. Asitumie kiganja wala kitambaa, vitanyonywa.

Breki nazo. Usiwashe trekta isiyo na breki mahali penye mteremko, na Siha yote ni mteremko.

Mwana wa Siha

Shikamoo mzee. Hilo sikuwa nalo kabisa. Waya wa kuzimia umeshikana kweli, nimeutoa, nimeuloweka.

Mzee wa Basotu

Marahaba mwanangu. Nikuulize jambo moja. Kwenye dashibodi, kuna kiswichi kidogo cha ziada cha kusogeza juu na chini, mbali na taa na ufunguo?

Mwana wa Siha

Kipo mzee. Nilidhani ni cha taa za nyuma.

Mzee wa Basotu

Hiyo ni Multi-Power. Inakupa mwendo wa chini na wa juu ndani ya gia ile ile bila kukanyaga klachi, ndiyo maana gia sita zinakuwa kumi na mbili. Ni nzuri shambani. Lakini ikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haishikilii magurudumu. Ukishuka na tela la mahindi ukategemea injini ikuzuie kama ulivyozoea kwenye gari, trekta itateleza huru. Kwenye mteremko, iweke juu daima, na gia ndogo. Kuna madereva wazuri waliokufa kwa kutojua hicho kiswichi ni cha nini.

Tandiboi wa Himo

Aisee. Mzee mimi nimeendesha hizo na sikuwahi kuambiwa hivyo. Nilikuwa nadhani breki mbovu.

Fundi Pampu

Mzee ameshanirahisishia. Sasa mafuta, hapa ndipo kwangu.

Tanki lishushwe, lioshwe. Usiongeze dizeli mpya juu ya ile ya zamani. Weka kokoto ndogo na dizeli kidogo ndani, tikisa, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Mabomba yapulizwe. Filta ni ile ya CAV 296, ipo kila duka, ni rahisi, nunua mbili maana ya kwanza itajaa uchafu haraka.

Pampu ni CAV DPA, ya kuzunguka. Haina oili yake ya ndani, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Ndiyo maana kipindi kile cha uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011, tulikuwa tunapokea pampu hizi zimekwaruzika kama zimepigwa msasa. Ukiona kijana barabarani anakuuzia dizeli ya kidumu bei ya huruma, mpungie mkono upite.

Kama pampu inazunguka na mkono wa mafuta unasogea, usiifungue huko shambani. Jaza dizeli safi, toa upepo. Mpangilio: kwanza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono ule wa pampu ndogo ya pembeni hadi povu liishe. Kisha skrubu ya ubavuni mwa pampu kubwa. Kisha ile ya juu yake. Mwisho nati za mabomba kwenye nozo, hizo unazilegeza huku stata inazungusha, ukiona dizeli inaruka bila povu unakaza.

Kuna jambo linawatoa watu jasho: ule mkono wa pampu ndogo unaweza kuwa mlegevu, hausukumi kitu. Wanakimbilia kununua pampu mpya. Haijafa. Ni kwamba kamu ya injini imesimama ikiwa imeibana. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena.

Nozo zenyewe zilete mjini zipimwe kwenye mashine ya presha. Hapo usibane hela.

Na dawa ya kupuliza ya kuwashia, hapana. Hiyo injini ina kipasha moto kwenye manifoldi. Moto na hiyo dawa vikikutana, mlipuko unarudi usoni kwako.

Dalali Mstaafu

Si angepeleka CAMARTEC tu hapo Arusha, wao ndio wa serikali wa mambo ya zana?

Fundi Pampu

CAMARTEC kazi yao kubwa ni kubuni na kujaribu zana. Huwezi kupeleka ya kubadilisha ringi.

Mama Mpunga Kahe

Swali la umeme. Betri ukinunua, angalia kwanza waya wa chasisi ulikuwa umefungwa upande gani. Matrekta ya Uingereza ya enzi za dainamo mengi yalikuwa chanya ndiyo inakwenda kwenye chasisi. Kama imeshawekewa altaneta, ni hasi. Usifunge kwa mazoea ya gari la Noah. Na ikikataa kabisa kupiga stata, fimbo ya Hi-Lo, ile ya kuchagua gia za juu au za chini, iweke katikati, kuna swichi ya usalama mule ndani.

Mwana wa Siha

Wakuu, wakubwa, mama yangu wa Kahe, FUNDI.

Imewaka.

Nozo mbili zilikuwa zinakojoa badala ya kupuliza, zimewekewa ncha mpya. Tumejaza maji kwenye rejeta, plagi moja ya bloku ikavuja, tukaibadilisha. Tumeizungusha kwa stata kwanza huku kitufe cha kuzimia kimevutwa, mpaka geji ya presha ya oili ikanyanyuka. Ndipo tukaachia. Ilishika silinda moja, pa, pa, moshi mweupe mpaka kuku wakapotea, halafu ya pili, halafu zote. Mwenye Fuso ndiye aliyekuwa ameshika ubao wa mzee kwenye tundu la hewa, ametoa macho kama kinyonga wa watu. Haukuhitajika. Nimevuta kitufe, imezimika kistaarabu.

Mama mdogo ametoka jikoni akasimama pale na kitambaa mkononi, akasema tu, "Iko kelele vile vile."

Sasa matatizo. Moja, klachi haikati, gia zinasaga. Mbili, mikono ya nyuma ya haidroliki inapanda kidogo kisha inashuka yenyewe. Tatu, breki ya kulia haipo kabisa.

Fundi Pampu

Hongera. Sasa twende.

Klachi: pleti imeshika kwenye flaiwili kwa kutu. Bana pedeli chini kwa kipande cha mbao, iache hivyo usiku mzima, mara nyingine inaachia yenyewe. Isipoachia, nenda uwanja mpana usio na mteremko, trekta ikitembea kwenye gia kubwa huku pedeli imekanyagwa, gonga breki mara moja moja. Lakini breki utengeneze kwanza, kwa hiyo anza na namba tatu.

Breki ya kulia: fungua dramu. Nakuambia kabla hujafungua, utakuta viatu vimelowa oili, oili sili ya shafti ya nyuma imekufa. Usioshe viatu kwa petroli ukavirudisha. Badilisha sili na viatu vyote, pande zote mbili, la sivyo trekta itavuta upande mmoja.

Haidroliki: oili yake ni hiyo hiyo ya gia na difu, nyumba moja. Ile mipira ya gia iliyooza ndiyo mlango wa mvua. Mwaga, utaona imekuwa kama maziwa. Ni zaidi ya lita ishirini na tano, jipange. Weka mpya, ifanye kazi, kama bado inashuka ndipo tuzungumzie ringi za pistoni ya lifti.

Na usiruhusu mtu atoe themostati eti trekta ipoe vizuri. Najua mafundi wa huko. Dizeli isiyopata joto lake inatema mafuta mabichi na kula silinda, na Sanya Juu ya mwezi wa saba si Kahe.

Mwana wa Siha

Fundi umeona kwa macho? Viatu vimelowa chapachapa. Oili ya nyuma maziwa matupu. Naagiza sili kesho kwa dereva wa Hiace.

Dalali Mstaafu

Basi nimekubali. Ekari utalima kwa shilingi ngapi?

Mwana wa Siha

Wa kwanza ni shamba la mama mdogo, bure. Baada ya hapo tutaongea, na dizeli unaleta wewe.

Fundi Pampu

Kabla ya ekari yoyote: ikishafanya kazi masaa machache, mwaga ile oili ya kuoshea ikiwa moto, weka ya maana na filta mpya. Kaza bolti za silinda hedi kwa spana ya kipimo kisha upange nafasi ya tapeti upya, inchi 0.012 injini ikiwa baridi. Na kopo la maziwa ya unga juu ya eksozi kila ukizima.